Kona ya Mafundi: Fungua Bahasha Kwanza Uisome

Wasomaji wetu salaam. Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, huduma za wavuti za Java zinazoongea kwa XML, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi yenye lebo, hizi SOAP ambazo watu wanasema zimezeeka lakini ukienda benki au ofisi yoyote kubwa kuomba mifumo iunganishwe wanakutumia faili la WSDL, lile linaloeleza huduma inapokea nini na inarudisha nini, kwa imeli halafu wananyamaza, ukiuliza swali wanakutumia faili lile lile tena. Nimechagua maswali ambayo naona yatasaidia wengi.

SWALI, kutoka Arua: Mwalimu, habari za Kampala. Mimi ni fundi wa programu kwenye SACCO moja hapa. Mfumo wetu ulikaa Java 8 miaka mingi bila shida, tumehamia Java 17 na sasa haujengeki kabisa, unalalamika pakeji ya javax.xml.bind haipo, na komandi ya wsimport nayo imepotea. Nimeweka Java upya mara tatu. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote ndugu yangu, na usiiweke mara ya nne. Hivyo vitu viliondolewa. Viliingizwa ndani ya Java yenyewe kwenye Java 6, Desemba 2006, ndio maana sisi tuliojifunza wakati ule tulizoea kuvikuta tu kama chumvi mezani. Kwenye Java 9 mwaka 2017 wakatoa onyo, na Java 11 ilipotoka Septemba 2018 wakavitoa kabisa, JAXB ya kugeuza XML kuwa data za Java, JAX-WS ya huduma za SOAP, na komandi zao wsimport, wsgen, xjc, vyote. Havijafa, vimehama tu, sasa unavileta mwenyewe kama laibrari kwenye pom.xml, faili la Maven linaloorodhesha laibrari za mradi.

Sasa hapa ndipo watu wanaangukia. Java EE, ile Java ya mifumo mikubwa, ilitoka mikononi mwa Oracle ikaenda kwa Eclipse Foundation, ikaitwa Jakarta EE, na kuanzia Jakarta EE 9 ya Desemba 2020 majina ya pakeji yakabadilika kutoka javax kwenda jakarta. Kwa hiyo jaxws-rt, laibrari yenyewe ya JAX-WS, unayo ya aina mbili: toleo la 2.3 linasema javax, toleo la 3 na la 4 linasema jakarta. Angalia seva yako kwanza. Kama ni Tomcat 9 baki na 2.3, kama ni Tomcat 10 au mko Spring Boot 3 nenda 4 moja kwa moja na uzalishe klasi zote upya kutoka kwenye WSDL, usijaribu kubadilisha kwa mkono faili moja moja. Ukichanganya, msimbo utajengeka vizuri kabisa, halafu ikianza kufanya kazi itakuambia klasi haina anotesheni ya XmlRootElement na wewe unaiona hapo juu ya klasi kwa macho yako mawili. Ipo kweli, ila ni ya javax na laibrari inatafuta ya jakarta. Mimi nimeona vijana wanakesha na hiyo siku tatu, inaniuma kwa sababu dawa yake ni kusoma mstari mmoja tu wa import.

Na kitu kizuri, usiwe na wasiwasi kuhusu benki upande wa pili. Hayo majina ni ya ndani ya Java yako tu, XML inayotoka kwenye waya ni ile ile.

SWALI, kutoka Mbale: Kaka, tunaunganisha chama cha wakulima wa kahawa na ghala. Mkulima akipeleka kahawa, ghala linatupa kilo na bei kwa SOAP. Jibu linakuja, hakuna kosa lolote, hali ya HTTP ni 200 yaani sawa, lakini kwenye programu kilo ni 0 na bei ni null, haina thamani. Watu wa ghala wanaapa wametuma 640. Nani anadanganya?

JIBU: Hakuna anayedanganya, na swali lako ndilo nimelipenda kuliko yote kwa sababu hili tatizo ni kimya, na tatizo la kimya ndilo linalokula pesa za watu. Mkulima ametoka Bugisu mlimani na magunia yake, ghala limepima 640, na skrini ya chama inasema 0. Sifuri inafanana na jibu la kweli! Ingekuwa programu imeanguka mngejua siku hiyo hiyo.

Kwanza kabisa acha kutazama klasi za Java. Fungua bahasha. SOAP ni bahasha, ina kichwa na ina mwili, na kilichoandikwa ndani ndicho kilichosemwa, mengine yote ni maelezo ya mtu. Kama unatumia Metro, ndiyo hiyo jaxws-rt, anzisha programu na hii:

-Dcom.sun.xml.ws.transport.http.client.HttpTransportPipe.dump=true

Itakumwagia kila kinachotoka na kila kinachoingia. Au chukua WSDL ipakie kwenye SoapUI, programu ya kujaribia huduma, utume ombi lile lile. Naamini utakuta kitu kama hiki:

```
<k:jibu xmlns:k="urn:kahawa:v1">
  <kilo>640</kilo>
  <bei>9500</bei>
</k:jibu>
```

Wakati programu yako inasubiri hiki:

```
<k:jibu xmlns:k="urn:kahawa:v1">
  <k:kilo>640</k:kilo>
  <k:bei>9500</k:bei>
</k:jibu>
```

Umeona tofauti? Hiyo k: tu. Nemspesi ni kama jina la ukoo. Ukifika kijijini ukaulizia Juma utaulizwa Juma wa nani, maana wako Juma watatu. Hapo juu jibu lina ukoo lakini kilo na bei wamekuja bila ukoo, na JAXB anatafuta kilo wa ukoo wa urn:kahawa:v1, huyu mwingine hamjui, anampita. Hapigi kelele, kawaida yake elementi asiyoijua anairuka tu. Mwisho wa kusoma, sehemu ya kilo haikujazwa na kitu, na kwa sababu xjc, komandi inayozalisha klasi, iliizalisha kama int ya kawaida inabaki 0, bei yenyewe ni BigDecimal kwa hiyo inabaki null. Ndio maana moja sifuri na nyingine null, ugonjwa ni mmoja.

Chanzo chake kiko kwenye skima, yaani faili la XSD linaloeleza XML iweje, kwenye neno elementFormDefault. Likiwa qualified, watoto wote wanabeba ukoo. Likiwa unqualified au halikuandikwa, wa nje tu ndiye anabeba. Mara nyingi mtu amepewa WSDL ya zamani, upande wa pili wakabadilisha wakasahau kutuma mpya, au mtu aliandika klasi kwa mkono akasahau package-info.java ambamo hilo neno linakaa upande wa Java. Kwa hiyo omba WSDL na XSD za leo, leo hii, zilinganishe na bahasha uliyoishika mkononi. Bahasha ikiwa haifuati XSD yao, wao ndio warekebishe na una ushahidi. Ikifuata, zalisha klasi zako upya.

Na jina lenyewe la nemspesi hata likionekana kama anwani ya wavuti halifunguliwi na mtu, ni jina tu, linalinganishwa herufi kwa herufi. Mkwaju (/) mmoja mwishoni ukizidi, hiyo ni nemspesi nyingine kabisa.

Halafu nakusihi, washa ukaguzi wa skima. Kwenye JAXB ni setSchema kwenye Unmarshaller, kwenye Metro kuna SchemaValidationFeature. Itakula muda kidogo lakini bahasha mbovu itakataliwa mlangoni kwa sauti. Hapa tunaongea jasho la mkulima.

Ukimaliza zima ile dump. Inaandika kila kitu kwenye logi, nywila, namba za akaunti, majina, na sisi Uganda tunayo sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, logi yenye majina ya wakulima wote na pesa zao si ya kuachwa wazi kwenye seva.

SWALI, kutoka Ntinda, Kampala: Mwalimu, tunalipa karo za watoto kwa niaba ya wazazi kupitia huduma ya benki. Juzi mtandao ulikuwa mbaya, programu ikasema taimauti, yaani muda wa kusubiri jibu umeisha, ikajaribu tena, na mzazi mmoja amekatwa mara mbili. Amekuja ofisini analia. Tuongeze muda wa taimauti?

JIBU: Pole sana, na mpeni pole huyo mzazi, mrudishieni pesa yake leo kabla hamjaendelea kusoma hapa.

Kuongeza muda hakutibu. Elewa kitu kimoja: SOAP Fault ni jibu, hata kama ni jibu baya. Benki imekusikia, imekataa, imekueleza sababu. Lakini taimauti si jibu. Ni kimya tu, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukipata kimya hujui kama ombi lilipotea njiani likienda, au lilifika pesa ikakatwa na jibu ndilo likapotea likirudi. Programu yenu ilichukulia kimya kama hapana, ikatuma tena.

Fanyeni hivi. Kabla ombi halijatoka, tengenezeni namba ya kumbukumbu ya kipekee, UUID, namba ndefu isiyojirudia, inatosha, iandikwe kwenye hifadhidata yenu pamoja na hali ya INASUBIRI, na hiyo transaksheni ifungwe kabisa. Ndipo mtume. Ikija kimya, hali inabaki INASUBIRI, haiwi IMESHINDIKANA. Kisha mnauliza benki kwa namba ile ile, je hii mliipata? Mkilazimika kutuma tena mnatuma na namba ile ile, HAPANA kutengeneza mpya, hapo ndipo wengi wanaharibu maana namba inatengenezwa ndani ya ile luup ya kujaribu tena, kila jaribio namba mpya, benki inaona malipo mawili halali ya watu wawili. Na upande wa benki lazima namba ikijirudia warudishe jibu la kwanza badala ya kukata tena. Someni WSDL yao muone kama kuna operesheni ya kuuliza hali ya malipo. Kama haimo, dai iwekwe, kwa maandishi, kabla hamjaenda laivu, bila hiyo mnatembea gizani.

Kuhusu taimauti yenyewe, iwekeni wenyewe. Metro usipoweka inasubiri milele, kweli milele, CXF, laibrari nyingine ya SOAP, yenyewe ina sekunde 30 za kuunganisha na 60 za kusubiri jibu. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukaa ofisi moja ambayo ilikuwa inalipa mishahara, siku ya mishahara huduma ya upande wa pili ikanyamaza, haikufa ila haikujibu, na programu yetu haikuwa na taimauti. Kila ombi likashika thredi yake, ni kama mfanyakazi wa ndani ya seva, likakaa. Tomcat kwa kawaida inazo thredi 200, zikaisha zote zikisubiri, baada ya hapo hata ukurasa wa kuingia haukufunguka, wakubwa wanapiga simu seva imekufa na mimi naangalia prosesa iko 2 kwa mia, imelala. Tulizima tukawasha mara nne kabla sijachukua thredi dampu, picha ya kila thredi inafanya nini, nikaona thredi zote zimesimama mstari mmoja, zinasoma soketi. Walimu wa shule nzima walingoja mshahara wao mpaka jioni. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika klaienti bila kuweka connect timeout na request timeout kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI, mwanafunzi, Wandegeya: Mwalimu, wenzangu wananicheka nasoma SOAP. Wanasema imekufa, nijifunze REST na JSON tu, ile njia nyepesi isiyo na bahasha. Na kitabu nilichopata ni cha zamani kina JAX-RPC na UDDI. Nikitupe?

JIBU: Usikitupe mdogo wangu, ila ruka kurasa. UDDI iache, ile orodha ya umma ya huduma za wavuti waliyoiweka IBM, Microsoft na SAP ilifungwa Januari 2006. JAX-RPC nayo iache, nafasi yake ilichukuliwa na JAX-WS kwenye Java EE 5 mwaka huo huo wa 2006. Sura za XML, nemspesi, XML Schema na WSDL soma zote, polepole, XML 1.0 ni ya 1998 na bado ndiyo hiyo hiyo inatembea leo.

Wenzako wana ukweli nusu. Ukianza kitu kipya leo cha simu au cha wavuti, REST na JSON ni rahisi zaidi na mimi pia ningechagua hiyo, hata API ya MoMo ya MTN ni REST na JSON. Lakini kazi nyingi utakazopewa si kuanza vipya, ni kuunganisha na vilivyopo, na vilivyopo kwenye benki, bima na serikali vingi ni SOAP. Na XML peke yake bila SOAP ndiyo inazidi kuingia kwenye benki, angalia ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa fedha, ujumbe wa malipo kama pain.001 na pacs.008 ni XML yenye skima kali, na SWIFT, mtandao wa ujumbe wa benki duniani, walianza kuhamishia malipo ya kimataifa huko Machi 2023. Mtu anayejua kusoma XSD bila kuogopa hatakosa kazi hapo mjini. Jifunze vyote viwili, tena kwenye Java JAX-RS ya REST na JAX-WS vinakaa kwenye mradi mmoja bila kugombana.

SWALI, kutoka Gulu: Mwalimu, mimi ni dada nashughulikia mifumo ya kliniki. Tunatuma rekodi za chanjo za watoto kwa XML. Mtoto aliyezaliwa tarehe 14 upande wa pili anaonekana tarehe 13. Cha ajabu si wote, wengine wako sawa.

JIBU: Dada asante, na hilo neno la mwisho, si wote, ndilo ufunguo. Naomba uangalie hao wanaorudi nyuma, nadhani utakuta ni watoto ambao saa ya kuzaliwa haikujulikana na mfumo ukaandika 00:00, pamoja na wale waliozaliwa kweli kati ya saa sita na saa tisa usiku. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Saa sita usiku tarehe 14 hapa Gulu, kwa UTC bado ni saa 21:00 ya tarehe 13. Upande wa pili wanageuza kwenda UTC halafu wanakata saa wanabaki na tarehe, mtoto anarudishwa siku moja. Aliyezaliwa saa nne asubuhi akigeuzwa anabaki tarehe 14 hiyo hiyo, ndio maana yuko sawa.

Tarehe ya kuzaliwa ni siku, si dakika. Kwenye skima iwe xs:date na si xs:dateTime, upande wa Java tumia LocalDate kwa XmlAdapter, na tarehe iende bila alama ya kanda mwishoni, 2024-03-14 basi. Hata xs:date inaruhusu Z au +03:00 nyuma yake kwa hiyo angalia bahasha yenyewe usiamini klasi. Muda wa tukio, kama saa ya kuchoma sindano, huo uwe dateTime na uandike +03:00 kila mara, ukiacha wazi kila seva itajitungia ya kwake.

Rekodi ambazo zimeshaenda itabidi mzitume upya, chanjo zinahesabiwa kwa wiki tangu kuzaliwa na mama anapewa tarehe ya kurudi kutokana na hiyo.

SWALI, kutoka Mbarara: Tunapokea XML kutoka kwa wauzaji wa nje, mtu mmoja akatuambia ni hatari kwa usalama. Faili la maandishi tu lina hatari gani?

JIBU: Kweli ni hatari. XML inaruhusu DOCTYPE, tangazo la mwanzo wa faili, na ndani ya DOCTYPE mtu anaweza kutangaza entiti, jina fupi linalosimama badala ya maandishi mengine, inayoelekeza kwenye faili la seva yako, parsa, yaani kisomaji cha XML, ikalisoma ikamrudishia. Wanaiita XXE, OWASP, shirika la usalama wa programu, waliiweka nafasi ya nne kwenye orodha yao ya hatari kumi ya 2017. Kuna nyingine, entiti inayojizidisha ndani ya entiti mpaka memori inaisha, faili dogo la kilobaiti moja linaweza kuangusha seva. SOAP yenyewe hairuhusu DOCTYPE lakini kama mnasoma XML kwa DocumentBuilderFactory mlizoandika wenyewe, wekeni feature hii iwe true:

http://apache.org/xml/features/disallow-doctype-decl

Mstari mmoja. Wekeni kila mahali parsa inapoanzishwa, hata parsa za aina nyingine, SAX inatumia feature hiyo hiyo, StAX ina ya kwake.

SWALI, kutoka Tororo: Klaienti yetu imekataa kuunganika, inasema PKIX path building failed. Mwenzangu ametafuta msimbo wa kukubali cheti chochote na imekubali. Tuache hivyo?

JIBU: Hapana hapana, utoeni leo. Huo msimbo unasema yeyote atakayesimama katikati akijifanya benki mumwamini mumpe nywila na namba za akaunti. Java ilichosema ni kwamba haimjui aliyesaini cheti cha upande wa pili. Ombeni cheti cha CA wao, yaani huyo anayewasainia vyeti, kwa njia mnayoiamini, mpigie mtu simu msomeane alama ya kidole (fingerprint) ya cheti, kisha mkiingize kwa keytool kwenye truststore, hifadhi ya vyeti mnavyoviamini, yenu wenyewe na si kwenye cacerts, ile hifadhi ya Java, maana siku mkipandisha toleo la Java hiyo cacerts inabaki kwenye folda ya zamani na mtakuja kuniandikia barua hii hii tena. Na mara nyingine cheti chenyewe ni kizuri, seva yao tu haijatuma cheti cha kati, jaribuni openssl s_client na -showcerts muone vimekuja vingapi, kikija kimoja peke yake waambieni wao waweke mnyororo mzima.